Sahani ya Kwanza

Nasema mapema ili tusizungushane: maharage ya siku ile yalizidi chumvi, na aliyeyaharibu ni mimi. Sikusingiziwa na mtu. Wafanyakazi mia nne wa kiwanda cha magodoro walikunywa maji mchana kutwa, foleni ya chooni ikawa ndefu kuliko ya chakula, na mkono uliotia ile chumvi ni huu wangu wa kulia. Kosa nalikubali. Nisichokubali ni dawa waliyotaka kunipa.

Mimi ni mpishi. Nimepika kwenye kantini ya kiwanda kile miaka ishirini na miwili, kumi na mmoja ya mwisho nikiwa mpishi mkuu. Na kwa mwaka mmoja na miezi miwili sasa, mimi mwenyewe sili kitu kilichopita motoni. Nakula vitu vibichi. Karoti, kabichi, matango, nyanya, parachichi, matunda ya kila namna, nazi, karanga nilizoziloweka usiku kucha, choroko nilizoziacha mpaka zikaota vimkia. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Maharage siyagusi, kwa sababu maharage mabichi yanadhuru, na mimi ni mbishi, si mjinga.

Watu wakisikia hivyo huuliza kama naumwa. Nikisema siumwi, huuliza nimejiunga na dini gani. Nikisema ile ile ya zamani, hushusha sauti na kuuliza kama mume wangu anajua. Mume wangu anajua. Tutafika kwake.

Kiwandani waliniita Bi Mbichi. Jina lilianzia kwenye chumba cha cherehani, likazunguka kiwanda kizima kabla ya chai ya saa nne. Sikununa. Nilijibu nikiitwa, na wakati mwingine niliitika kabla hawajamaliza.

Nieleze lilivyoanza, maana kila mtu ana hadithi yake kuhusu mimi na hakuna hata moja iliyo sawa. Mpishi wa kantini hali, anaonja. Kijiko kinaingia mdomoni saa kumi na mbili asubuhi na hakitoki. Mchuzi, onja. Wali umeiva kiini, onja. Nyama imelainika, onja. Ikifika saa sita umeshameza vijiko hamsini na tumbo limejaa, lakini ukiulizwa umekula nini huna jibu. Jioni unarudi nyumbani, sufuria nyingine, kijiko kingine, na mtu mzima na ndevu zake amekaa sebuleni anangoja umwambie chakula kimekolea. Miaka yote hiyo ulimi wangu ulikuwa wa kuwahudumia wengine. Mtu angeniuliza mimi napenda nini, ningebaki nimeduwaa.

Asubuhi moja gesi ilikatika. Tukakaa tunangoja mtungi mwingine, nami nikaketi juu ya kreti la karoti. Nikaosha moja, nikaila. Karoti tu. Haikuwa na cha kuongeza wala cha kupunguza, na hakukuwa na mtu aliyengoja nitikise kichwa kwamba imekubali. Ilikuwa ngumu, tamu, baridi, na ilikuwa yangu. Nikala nne. Machozi yakanitoka, na msaidizi wangu akauliza nani anakata vitunguu.

Tangu siku ile nikajiwekea sheria. Mikono yangu ni ya kiwanda kuanzia asubuhi hadi jioni. Pua yangu, macho yangu, mgongo wangu, vyote wanavitumia na sijalalamika. Kinywa ni changu. Watu hudhani ni mambo ya afya. Afya imekuwa nzuri, kwa kweli, na nikipanda ngazi za stoo sihemi tena, lakini sikuanza kwa ajili hiyo. Muuguzi wa zahanati alinipima damu akasema niko sawa, ila nimeze vidonge vya vitamini kila wiki, na ninavimeza. Wifi yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Na hivyo vidonge," akasema, "vimechumwa shambani?"

Sasa kuna jambo moja la kantini yetu ambalo lazima mlijue. Tunaliita sahani ya kwanza. Zamani, kabla sijaajiriwa, chakula kiliwahi kuwadhuru watu pale, na wafanyakazi wakagoma kula. Mpishi mkuu wa wakati ule, mwanamke aliyenifundisha kazi, akasimama kwenye dirisha la kupakulia saa sita kamili, akajaza sahani, akala vijiko vitatu mbele ya foleni nzima, akatafuna, akameza, kisha akasema, "Karibuni." Wakala. Kesho yake wakamngoja afanye tena. Ikawa hivyo kila siku, mpaka leo. Wafanyakazi wapya hucheka siku ya kwanza. Wiki ya pili nao hawanyooshi sahani mpaka waone koo la mpishi limeshuka na kupanda.

Nilipoacha vya motoni, sahani ile nilimpa msaidizi wangu. Tunamwita Kasi kwa jinsi anavyokata kabichi. Ukipepesa macho, kichwa kizima kimekwisha. Saa sita Kasi alikuwa akisimama dirishani na kula vijiko vitatu, mimi nikiwa kando yake na upawa mkononi. Wakanitania siku mbili tatu, wakazoea. Chakula kilikuwa kile kile. Chumvi naitia kwa ngumi, ngumi tatu kwa sufuria kubwa, na kilichobaki pua hunimalizia. Mchuzi uliopungua chumvi una harufu ya maji, na uliokolea unakaa puani. Mtu asiyepika hawezi kuelewa hili, nami simlazimishi.

Kisha stoo wakabadilisha chumvi. Mfuko ulikuwa wa rangi ile ile, lakini ndani badala ya chumvi ya mawe kulikuwa na chumvi laini. Ukikamata chumvi ya mawe, ngumi inabaki na mapengo. Chumvi laini inajibana, na ngumi moja inakuwa karibu mbili. Mvuke ulikuwa umetanda, nilikuwa na haraka, nikatia ngumi zangu tatu kama kawaida. Kuhusu pua sina la kujitetea. Nilikuwa na mafua tangu juzi yake, na nilijiona mjuzi kiasi kwamba sikumwomba mtu aonje.

Bado Kasi angetuokoa pale dirishani. Lakini Kasi siku ile jino lilikuwa limemvimbia, na hakutaka kuniambia asije akaonekana mtegevu. Akajaza kijiko, ulimi umekufa ganzi kwa dawa ya jino, akasukumia chakula shavu la upande usiouma, akakizuia pale bila kutafuna, akameza mate ili koo lionekane limeshuka, akasema "Karibuni" kwa mdomo uliojaa, akakimbilia nyuma kutema. Kwa hiyo maharage yale yalifika kwa watu mia nne bila mwanadamu hata mmoja kuyaonja.

Siku mbili baadaye maneno yalikuwa yamebadilika. Hawakusema tena kwamba chumvi ilizidi. Walisema mpishi asiyekula chakula chake anajua alichotia. Wengine walisema nimewachoka. Mmoja, ambaye nimempakulia ukoko kwa miaka tisa kwa sababu anaupenda, alisema ananiona siku hizi nawatazama vibaya.

Msimamizi wa kantini aliniita ofisini. Ni kijana msafi, mwenye miezi minne kazini, na jina tulilompa ni Bwana Taratibu kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Simchukii. Alinivutia kiti mwenyewe.

"Mama, taratibu ya sahani ya kwanza inasema nani anakula?"

"Mpishi mkuu."

"Na mpishi mkuu ni nani?"

"Mimi."

"Basi mama, unaona." Akapanga karatasi zake zikawa sawa kingo kwa kingo. "Watu wameingiwa na wasiwasi. Ijumaa saa sita, wewe mwenyewe. Vijiko vitatu. Wakuone. Tukimaliza hapo, mimi sitakuuliza tena unakula nini kwako."

"Mwanangu, kosa langu lilikuwa kupika bila mtu kuonja. Kuanzia leo kila sufuria itaonjwa na watu watatu, nami nitaandika majina yao. Hilo ndilo linalorekebisha. Mimi kula vijiko vitatu Ijumaa kunarekebisha nini?"

"Kunarekebisha imani."

Hapo alinibana, maana alikuwa na haki yake. Nikamuuliza nisipokula itakuwaje. Akasema atasikitika sana, lakini funguo za stoo nitamkabidhi, nami nitahamishiwa meza ya kumenya. Hakunitisha. Alisema kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Nilirudi nyumbani na kichwa kizito. Mume wangu ni fundi wa mashine ya kukata sponji kwenye kiwanda kile kile, kwa hiyo habari zilimfikia kabla yangu. Nilimkuta sebuleni na dada yake. Huyu dada yake, wifi yangu, alikuja kututembelea wiki mbili. Huu ni mwaka wa tatu.

"Vijiko vitatu, mke wangu," mume wangu akaanza kabla sijavua viatu. "Vijiko vitatu tu. Unashindwa?"

"Sishindwi. Sitaki."

"Kuna tofauti gani?"

"Nikishindwa utanihurumia. Nisipotaka unanuna. Tofauti ndiyo hiyo."

Wifi akapiga makofi ya taratibu. "Mtu anapika nyama ya kunukia mtaa mzima, halafu anakaa kona anatafuna majani. Wifi, na nyumba hii utaifikisha wapi?"

"Naifikisha mezani kila jioni, wifi. Wewe ukiwa wa kwanza kufika."

Mume wangu hakucheka. "Unajua wananiitaje kule kwenye mashine? Mume wa mbuzi. Nikipita wanalia mee. Mwaka mzima, wewe hujui, kwa sababu sikukwambia."

Kusema kweli nilicheka, ikanitoka tu. Kisha nikaona uso wake nikanyamaza. Aliumia, na mimi sikuwa nimejua kwamba anaumia. Alisema cheo changu ndicho kinachotufanya tuheshimiwe na majirani, kwamba wake za wenzake wanamenya na kufagia na mimi nabeba funguo, na kwamba sasa nataka kuvitupa vyote kwa ajili ya ukaidi. Neno lile ukaidi alilirudia mara tatu. Nilimwambia nitalala nikilifikiria.

Sikulala. Nisijifanye shujaa, niliogopa. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, na nilijua jinsi migongo ya wale wa meza ya kumenya inavyokuwa. Vijiko vitatu vya wali haviniui. Nimekula vya motoni karibu miaka hamsini na nipo hai. Kila nilipojiambia basi, nile yaishe, nilikiona kijiko kile kikirudi Jumatatu, na Jumanne, na kila siku ya Mungu, maana sahani ya kwanza haina siku moja. Bwana Taratibu alisema Ijumaa tu, lakini foleni haijui Ijumaa tu. Ningekuwa nimekirudisha kinywa kazini.

Kesho yake Kasi alinivuta nyuma ya mitungi ya gesi. Jino lilikuwa limeshang'olewa, na uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu anayejua ni kosa lake pia.

"Dada, weka shavuni," akaninong'oneza. "Kama nilivyofanya mimi. Tafuna hewa, sema karibuni, ingia nyuma uteme. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Na mimi."

"Dada, kazi hii utaimwaga kwa mate?"

Nilimshika mkono. Nilimweleza kwamba watu wale wanaacha mashine wakiwa na njaa, nywele zimejaa vipande vya sponji, wanasimama pale na kutazama koo la mtu mmoja ndipo wanaamini. Kitu pekee kinachofanya sahani ile iwe na maana ni kwamba aliyeila amekula kweli. Naweza kukataa kuila. Kuichezea siwezi. Kasi akafuta macho kwa aproni akasema mimi nina kichwa kigumu kuliko jiwe la kusagia. Nikamwambia aende akachambue mchele.

Ijumaa nilipika wali na mchuzi wa viazi na njegere. Niliupika kama mtu anayejua huenda ni mara ya mwisho. Chumvi niliipima kwa kikombe, kikombe kimejaa sawasawa na ukingo. Aliyeonja wa kwanza alikuwa Kasi, wa pili mama wa kuosha vyombo, wa tatu dereva wa gari la mboga ambaye alikuwa amekuja kushusha nyanya na akataka kijiko cha pili. Majina yao niliyaandika kwa chaki kwenye ubao wa menyu, watu wote wayaone.

Saa sita kamili foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Waliokuwa na zamu ya mapema walikuwa wameshakaa na sahani zao tupu mezani, sahani za bati. Bwana Taratibu alisimama pembeni ya dirisha na faili lake kifuani. Nilijaza sahani, wali upande huu, mchuzi upande huu, nikaibeba mbele yao. Nyuma yangu jiko lilikuwa likipumua.

"Maharage ya wiki iliyopita niliyaharibu mimi," nikasema. "Chumvi ilibadilishwa na mimi sikuangalia. Sikumwomba mtu aonje. Hilo ni kosa, na nawaomba radhi, wakubwa kwa wadogo. Chakula cha leo kimeonjwa na watu watatu, majina yao yako pale. Kasi atakula sahani ya kwanza sasa hivi, na atameza, na mkitaka atafungua mdomo mwone. Mimi siili. Haina kitu kibaya ndani yake. Siili kwa sababu sili cha motoni, mwaka wa pili huu, na mnajua. Nimewapikia miaka ishirini na miwili. Mikono yangu mnaijua."

Nilidhani watu watanielewa. Nakiri hilo kwa aibu kidogo. Nilidhani mtu atasema, haya mama, karibuni tule.

"Kula!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Kula!" mwingine akaitikia.

Sahani moja ikagongwa mezani. Ikafuata ya pili. Kisha meza nzima, kisha meza zote, bati juu ya mbao, kula, kula, kula, na wengine wanacheka kama wako uwanja wa mpira. Sikuwaogopa. Niliwatazama mmoja mmoja nikiwahesabu waliowahi kuniomba nyongeza. Yule wa ukoko alikuwa anagonga kwa mikono miwili.

Kwenye meza ya tatu alikaa mume wangu. Naye alikuwa anagonga sahani.

Macho yetu yakakutana. Aliinamisha uso, lakini mkono wake haukuacha. Ulipanda na kushuka pamoja na mikono ya wenzake, kwa mapigo yale yale. Kwa mara ya kwanza wiki ile hasira zote zikaniisha, nikabaki na uchungu mtupu.

Niliweka sahani kwenye dirisha. Nikafungua kamba ya aproni, nikatoa funguo za stoo, nikampa Bwana Taratibu. Alizishika kama zimetoka motoni.

"Mama, bado hujachelewa," akasema kwa sauti ya chini. "Kijiko kimoja."

"Juzi vilikuwa vitatu. Tukiendelea hivi utaniomba ninuse."

Akamgeukia Kasi, akamnyooshea funguo. Kasi akarudi nyuma hatua mbili, akatikisa kichwa, machozi yanamtiririka.

"Chukua," nikamwambia. "Usinifanyie mambo ya kwenye michezo ya kuigiza. Ukikataa ataleta mtu asiyejua hata kuchagua mchele, na watakaoumia ni hawa. Chukua, kula, sema karibuni."

Akachukua. Akala vijiko vitatu huku analia, akameza, akasema karibuni, na foleni ikasogea. Watu wakala. Nilikuwa nimeshakaa meza ya kumenya, kisu mkononi, ndoo ya viazi mbele yangu, nikasikia sauti za vijiko vikikwangua. Sahani mia nne zilirudi zimelambwa. Mama wa vyombo alizipanga, kisha akaja akaweka karoti mbili zilizooshwa kando ya ndoo yangu akaenda zake. Nilizila pale pale, nikamenya mpaka kengele ya kutoka.

Sikumngoja mume wangu langoni. Nilitembea peke yangu, na nilipofika nyumbani wifi alinipokea mlangoni amevaa kitenge chake cha sherehe. Jikoni kulikuwa na kuku mzima amekatwakatwa kwenye karai, vitunguu vimemenywa, nyanya zimepangwa, mchele umechaguliwa. Hakuna hata moto uliowashwa.

"Nimekuandalia, wifi yangu!" akasema, akinikumbatia. "Leo umerudi kwa watu. Nikasema lazima tule vizuri, nyumba nzima. Kila kitu kipo tayari, nilikuwa nakungoja wewe tu uje upike. Si unajua mimi mchuzi wangu haushiki."

Nilimtazama. Kwa kweli alikuwa na furaha, mwanamke wa watu. Alikuwa ameandaa karamu ya kushindwa kwangu, na mpishi wa karamu alikuwa mimi.

"Sikula," nikamwambia.

"Hukula nini?"

"Sahani. Sikuila. Kuanzia leo namenya viazi."

Akakaa kwenye kiti cha plastiki kikalia. Mume wangu aliingia wakati huo huo, kofia mkononi, akasimama karibu na mlango kama mgeni. Wifi akamrukia. "Umesikia? Umesikia alichofanya mkeo?"

"Nilikuwepo," akasema.

"Nilikuona," nikasema mimi.

Alizungusha kofia vidoleni. "Wote walikuwa wanagonga."

"Wote si waume zangu."

"Ningeacha wangeniona mimi ndiye—"

"Ndiye nani? Mume wangu? Si ndiye wewe?"

Wifi alifungua mdomo kusema, akamtazama kaka yake, akaufunga, jambo ambalo kwa miaka mitatu sikuwahi kuliona. Nilinawa mikono. Nilichukua tango kwenye kikapu changu, nikalikata vipande vinene, nikaketi mezani. Sikuwa napiga kelele. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa na njaa, na nilitaka nisikilizwe mara moja tu.

"Mwaka mmoja na miezi miwili," nikasema, "kila jioni nimesimama pale jikoni nikawapikia chakula nisichokila. Sikumwambia hata mmoja wenu aache nyama. Sikumlazimisha mtu karoti. Mmekula, mmeshiba, mmenicheka, tukalala. Nilidhani tunapatana hivyo. Leo umegonga sahani ili mkeo alazimishwe kufungua mdomo. Sawa. Mbele ya watu nimeacha kuwa mpishi mkuu wa kiwanda. Na hapa nimeacha pia. Kuku yupo, jiko lipo, kiberiti kiko juu ya friji. Anayetaka cha motoni awashe moto."

"Mke wangu," akasema, "mimi sijawahi kupika hata uji."

"Najua."

Nilidhani atatoka, na sijui ningefanya nini kama angetoka, maana nampenda na yeye anajua. Wifi akamkonyeza aondoke, nikamwona. Lakini alitundika kofia msumarini, akakunja mikono ya shati, akaingia jikoni. Tulisikia kiberiti kikikwama mara tatu. Tulisikia sufuria ikianguka. Tulisikia mafuta yakilia na yeye akiruka na kulalamika kwamba yamemrukia, na wifi akainuka kwenda kumsaidia nami nikamwambia, "Kaa," akakaa. Ikapita nusu saa. Harufu ilianza kuja, ya vitunguu vilivyoungua kidogo upande mmoja.

Kisha akatokea mlangoni, uso unamtoka jasho, mwiko mkononi unadondosha mchuzi sakafuni.

"Mama," akasema kwa unyonge, "hii chumvi nimetia. Nitajuaje kama imetosha?"

Wifi akanitazama. Nilimaliza kutafuna kwanza.

"Onja," nikamwambia.